Mkulima aliyeacha kuchambua korosho hajasahau kitu

Mnada wa korosho ukianza Mtwara, kwa kawaida Oktoba, lawama ni zilezile: wakulima wamezembea, wanaleta korosho mbichi zenye mawe na vipande vya mabibo. Dawa inayopendekezwa ni semina ya ubora. Naona tunamfundisha mtu anachokijua.

Mjomba wangu kule Tandahimba alikuwa akianika korosho siku tatu kwenye turubai. Alizitikisa kiganjani, akasikiliza. Zisipogonga, zilirudi juani. Kisha chama chao kikampokelea pamoja na jirani aliyeleta mbichi, wakalipwa daraja moja, bei moja. Msimu uliofuata mjomba alizidisha: siku tano juani, kuchambua mara mbili, akabishana na karani mbele ya mizani. Bei ikawa ileile. Msimu wa tatu akaacha.

Wakati mmoja kifaa cha kumpa panya chakula kilimkwamia B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, akaona panya anavyopunguza kubonyeza wenzo polepole malipo yanapokatika. Baadaye ikabainika pia kwamba kabla ya kufifia, tabia wakati mwingine hupanda kwanza. Kwa hiyo ule ugomvi pale kwenye mizani, tulioudhania ukorofi, ulikuwa dalili ya mtu anayejaribu kwa mara ya mwisho.

Wapo wanaosema kazi nzuri isitegemee malipo, na wana ushahidi. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett walionyesha kuwa watoto waliopenda kuchora, wakiahidiwa zawadi ya kuchora, baadaye walichora kidogo kuliko wenzao. Tena, wanasema, mtazame mvuvi wa Mikindani: anarudi mtupu usiku mwingi na bado hakati tamaa. Ni kweli, na ni jambo zito. Malipo yanayokuja siku moja na kukosa siku nyingine hujenga tabia ngumu kufa kuliko malipo ya kila siku, maana aliyezoea kukosa hashtuki akikosa tena.

Lakini bahari haijawahi kumgawia aliyelala nyumbani samaki sawasawa na aliyetupa wavu. Mvuvi hukosa, ila anapopata, anapata kwa sababu ametupa. Mjomba hakuwa na hakika hata hiyo. Jasho lake na bei vilikuwa vimeachana kabisa, na mtu mwenye akili hujifunza hilo haraka.

Nalisisitiza kwa sababu kufifia si kufutika. Tabia iliyozimika huweza kuzuka yenyewe baada ya kupumzika, na malipo yakirudi, hurudi upesi kuliko ilivyojengwa mwanzo. Basi fedha ya semina inunue kipima unyevu na kumlipa karani wa pili, korosho zipokelewe kwa mafungu mawili na bei mbili, palepale mizani inaposoma, mkulima akiona.

Mwezi uliopita nilimkuta mjomba uani na ungo wa korosho za kubangua nyumbani, za wajukuu. Alikuwa anazitikisa kiganjani, moja baada ya nyingine, akisikiliza.