Bremen: anza kwa Roland, punda atasubiri

Wageni wengi wakifika uwanja wa soko wa Bremen, mji wa kaskazini mwa Ujerumani, hukimbilia sanamu ya punda, mbwa, paka na jogoo, wanamuziki wa ngano ya ndugu Grimm, wakapiga picha, wakaondoka. Kwa maoni yangu, hao wameanzia mkiani. Wa kuanza naye ni Roland, shujaa wa hadithi za kale, hapa sanamu ya mawe yenye urefu wa mita 5 na nusu, aliyesimamishwa mbele ya Rathaus, jumba la jiji, mwaka 1404.

Fuata macho yake: yanalikabili kanisa kuu la Mtakatifu Petro. Roland wa awali alikuwa wa mbao, na mwaka 1366 watu wa askofu mkuu wakamtia moto. Wenye mji walimchonga upya kwa mawe, wakampa ngao inayotangaza uhuru wao, akasimama kumkodolea macho askofu. Halafu tazama magoti. Kutoka ncha ya goti moja hadi la pili ni dhiraa moja ya Bremen, kama sentimita 55, kipimo cha kitambaa kilichowekwa hadharani pale pale sokoni.

Uso wake hupata jua asubuhi. Sura ya mbele ya Rathaus, iliyorembwa na mjenzi Lüder von Bentheim kati ya 1608 na 1612, hupendeza alasiri. Basi pita mara mbili. Na ukirudi kinyumenyume ili jengo zima lienee kwenye picha, geuka kwanza: reli za tramu zinapita hapo hapo mbele yake.

Ndani ya Rathaus huingii bila ziara ya kuongozwa. Ni ofisi inayofanya kazi, na shughuli ya serikali inaweza kuifuta ziara, kwa hiyo ulizia mapema.

Sasa nenda kwa punda, ubavuni mwa Rathaus, kazi ya mchongaji Gerhard Marcks. Shika miguu yake ya mbele yote miwili, kwa mikono yote miwili. Ukishika mmoja tu, wenyeji husema punda wawili wanasalimiana, na wa pili ni wewe. Karibu na jengo la bunge kuna kifuniko sakafuni chenye tundu: tumbukiza sarafu, mnyama mmoja atalia, na fedha huenda kwa hisani. Wengi hutumbukiza wakaendelea na safari, inama usikilize.

Desemba vibanda vya soko la Krismasi huujaza uwanja. Nenda kwa ajili ya vyakula, majengo hutayaona vizuri.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana kituo kimoja zaidi: tembo mkubwa wa matofali, aliyezinduliwa mwaka 1932 kuwa mnara wa kuyatukuza makoloni. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye mnara uligeuzwa kuwa wa kupinga ukoloni. Mtu asikuelekeze sokoni: tembo yuko nyuma ya stesheni kuu, upande usioelekea mji mkongwe.