Daftari la tarehe kabla ya programu
Makala ninayoijibu inadai kwamba wakili mwenye ofisi ndogo akishanunua programu ya kutunza majalada, tatizo la kupitwa na tarehe za mahakama litakuwa limekwisha, dai ambalo mimi, niliyekuwa karani wa wakili hapa Tanga kwa miaka 11, siwezi kulikubali. Kwa Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009, katika mashauri ya madai taarifa ya rufaa, yaani taarifa ya kusudio la kukata rufaa, huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi kutolewa na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo. Muda wa kuandaa nakala za mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi ilivyosikilizwa, hautahesabiwa iwapo tu barua ya kuziomba iliandikwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi na mjibu rufaa, yaani upande wa pili, akapelekewa nakala ya barua hiyo. Kwetu barua iliandikwa mapema, lakini nakala ya mjibu rufaa ilibaki mezani kwa kuwa wakili alikuwa Korogwe kwenye shauri jingine na tarehe ile aliijua yeye peke yake, na mzee wa watu aliyekuwa akidai shamba lake la minazi akaumizwa na kosa lisilo lake, jambo ambalo hadi leo linaniuma. Baada ya hapo kila tarehe iliandikwa katika daftari moja kubwa, nasi tulilisoma pamoja kila Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua jalada lolote. Je, ninyi mnaofanya kazi peke yenu Muheza, Pangani au Lushoto, mkiugua ni nani anayezisoma tarehe zenu?