Mashine za majani chai Kericho: kabla hujawacheka waliochoma

Mei 2023 vijana wa Kericho walivamia mashamba wakachoma mashine za kuchuna majani chai, na watu wengi mtandaoni wakawacheka, ati dunia inasonga na wao wako na kiberiti. Sawa, kuchoma mali ya mtu ni makosa, mtu mmoja alikufa kwa hizo vurugu na hakuna aliyepata kazi kesho yake.

Kampuni nazo ziko na hoja. Bei ya mnada wa Mombasa, pale chai huuzwa, si wao huipanga, mishahara hupanda kila yunioni ikisaini mkataba mpya, na shamba likifungwa hata huyo wa kutumia mkono hana pa kuchuna.

Lakini hebu tuongee kuhusu ile namba ya kamati iliyoundwa na kaunti, kazi kama 30,000 zimepotea kwa sababu ya mashine kwa miaka kumi hivi. Watu huisoma wanapita tu. Kule ndani ya mashamba makubwa kazi haikuwa mshahara peke yake manake nyumba ni ya kampuni, maji ya kampuni, mtoto anasoma shule ya kampuni na akiugua anapelekwa dispensari ya kampuni, kwa hivyo siku kazi imeisha mama anafunga godoro na kutoka na watoto wake wote. Mwenye duka pale senta aliyekuwa anawakopesha unga hadi mwisho wa mwezi naye anaumia, boda anaumia. Hao hawako kwa hiyo 30,000.

Na ni mama kweli, wachunaji wengi ni wanawake. Anabeba kikapu mgongoni, anachagua majani mawili na chipukizi, analipwa kwa kilo pale kwa mizani. Mashine ya kushikwa hubebwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari, na mara nyingi ni wanaume. Haichagui, inafyeka juu yote hadi vijiti, ndio maana chai ya mkono bado husifiwa.

Halafu kuna ardhi. Wakipsigis, wenyeji wa Kericho, waliondolewa kwenye ardhi hiyo ya chai na wakoloni, Watalai, ukoo wa viongozi wao wa kiroho, wakahamishiwa hadi Gwassi kule kando ya Ziwa Victoria kuanzia 1934, na kwa jirani wa shamba, kitu alichobaki nacho kwa ardhi ya babu yake ni hiyo kazi ya kuchuna. Sasa hata hiyo imeenda, na tunashangaa kwa nini ana hasira na chuma!

Na si Kericho peke yake. Wafumaji wa soksi wa Nottingham kule Uingereza walivunja mashine 1811, na si kwamba walikuwa wanaogopa mashine, walikuwa wanazitumia kila siku. Walichokataa ni malipo kushushwa na soksi mbovu za haraka haraka. Bunge likawajibu 1812 kwa sheria ya kunyonga.

Kericho angalau kamati ilikuja na pendekezo, asilimia 60 ya chai ichunwe kwa mashine na 40 kwa mkono. Mimi naliunga mkono ila halijatosha. Anayepunguzwa aachiwe nyumba angalau hadi watoto wamalize mwaka wa shule, na kazi ya kuendesha na kutengeneza hizo injini wapewe watu wa pale, wanawake wakiwemo, si fundi wa kuletwa na gari kutoka Nairobi.