Lever wa Bolton na Lever wa Lusanga

Katika mji wa Bolton, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ipo nyumba kongwe iitwayo Hall i' th' Wood. Humo ndimo Samuel Crompton, kijana msokotaji, alimoundia mashine ya kusokota pamba mwaka 1779, mashine iliyotoa uzi mwembamba na imara kwa wakati mmoja. Hakuwa na uwezo wa kusajili hataza. Akawaonyesha wenye viwanda siri yake baada ya kuahidiwa kuchangiwa, na alichoambulia kilikuwa kidogo mno. Mwaka 1812 Bunge lilimpa pauni 5,000, akaziingiza katika biashara, biashara ikafa. Alifariki 1827 akiwa fukara, wakati Bolton nzima inaishi kwa uzi wake. Sanamu alijengewa mwaka 1862.

Nyumba ile ilikuwa inakwenda kuwa gofu. Aliyeinunua, akaikarabati na kuwakabidhi wananchi mwaka 1900 iwe makumbusho ya Crompton ni mtoto mwingine wa Bolton, William Lever, aliyezaliwa 1851, mwana wa mwenye duka la vyakula. Ndiye wa sabuni ya Sunlight, jina ambalo kwetu Afrika Mashariki halihitaji maelezo. Kampuni yake ilikuja kuungana na wengine baada ya kifo chake, ikawa Unilever.

Ukitafuta watu mashuhuri wa Bolton utamkuta Nat Lofthouse, mshambuliaji aliyeifungia timu ya mji mabao 255 ya ligi bila kuchezea klabu nyingine, na bondia Amir Khan, aliyerudi na medali ya fedha ya Olimpiki ya Athens 2004 akiwa na miaka 17. Hao hawana ubishi. Ubishi uko kwa Lever.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Kuanzia 1888 aliwajengea wafanyakazi wake kijiji kizima, Port Sunlight, chenye nyumba nzuri na bustani, wakati wafanyakazi wengi wa viwandani walikuwa wakibanana katika vichochoro vya moshi. Alipokuwa mbunge alipeleka bungeni muswada wa pensheni za wazee. Aliikirimu shule ya Bolton, akawapa watu wa mji eneo la kupumzikia huko Rivington, akawa meya wao. Mwaka 1918 alikuwa anatetea siku ya kazi ya saa 6. Leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, wapo wafanyakazi wengi duniani ambao hilo kwao bado ni ndoto.

Sasa tuvuke bahari. Sabuni inahitaji mafuta, na mwaka 1911 Lever alitiliana mkataba na serikali ya Ubelgiji uliompa haki ya kuchagua hadi hekta 750,000 za michikichi nchini Kongo. Kampuni iliitwa Huileries du Congo Belge. Makao yake penye mito ya Kwilu na Kwenge yakabatizwa Leverville. Wenyeji wanapaita Lusanga. Mkataba ulitaja kima cha chini cha mshahara, shule na hospitali, na baadhi ya hayo yalijengwa kweli. Lakini mkwezi wa michikichi hakwenda kwa hiari. Kodi ilimsukuma, chifu alilazimishwa kumtoa, na afisa wa serikali alikuwa nyuma ya wote wawili. Mwaka 1931 bei ya chikichi ilipoporomoka na kodi kubaki palepale, Wapende, kabila la eneo hilo, waliasi. Afisa Mbelgiji, Maximilien Balot, aliuawa, na katika kulipiza kisasi jeshi la kikoloni liliua Wapende zaidi ya 500.

Tusimwonee. Lever alifariki 1925, miaka sita kabla ya uasi huo. Bunduki zilikuwa za serikali. Port Sunlight na ile nyumba ya Crompton vilitangulia mkataba wa Kongo, kwa hiyo anayesema kila tofali la ukarimu wake lilitoka Lusanga anakosea. Na Kongo aliyoikuta ilikuwa imetoka tu mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeacha maiti na mikono iliyokatwa.

Hoja ninayoikataa ni ile inayorudiwa sana, kwamba alikuwa mtu wa zama zake. Hiyo ingemfaa mtu ambaye hakujua. Lever alijua. Alijua mfanyakazi akichoka anaumia, alijua nyumba bora ni nini, alijua saa nane za kazi kwa siku ni nyingi, na aliyasema hayo hadharani mbele ya matajiri wenzake waliomshangaa. Kwa mtu wa Lancashire, jimbo la kwao Bolton, aliitangulia zama yake. Kwa mtu wa Kwilu aliridhika kuifuata. Wala hakuwa mbali asione: alikwenda Kongo mwenyewe, mara ya mwisho miezi michache kabla ya kufa.

Wanaotaka jina lake lifutwe Bolton siungani nao pia. Ukilifuta, Lusanga inafutika nalo, na mtoto wa shule pale hatakuwa na sababu ya kuuliza mafuta yalitoka wapi. Mji huo unaweza kuubeba ukweli wote. Machi 2012, moyo wa Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akiichezea Bolton, ulisimama kwa dakika 78 baada ya kuanguka uwanjani London. Watu wa Bolton walijaza maua na jezi nje ya uwanja wao wakimwombea kijana wa Kongo kama wa kwao.

Lusanga yenyewe haijasubiri. Wafanyakazi wa mashamba pale waliunda kikundi cha wasanii mwaka 2014, wanafinyanga sanamu, zinatengenezewa nakala za chokoleti na kuuzwa ng'ambo, na fedha wananunulia tena ardhi na kupanda miti. Mwaka 2024 sanamu ya mbao ya Balot, iliyochongwa na Wapende na kuishia katika jumba la makumbusho Marekani, ilirudishwa Lusanga kwa muda, kwa mkopo. Ningependa kuona habari hiyo imeandikwa ndani ya Hall i' th' Wood, nyumba ileile aliyoiokoa Lever.