Kuku wa Kupaka na Mjusi Asiye Mjusi

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni kwa mamangu hapa Malindi, nakata kuku wa kienyeji wa kupaka. Mtoto wa kakangu akaingia na kitabu mkononi. "Shangazi, ati dinosaria alikuwa mjusi?"

"Mjusi gani?"

Akanyoosha kidole ukutani, alipoganda mjusi kafiri juu ya dirisha.

Nikamwita kwenye kibao. Nilikuwa ndiyo kwanza nimelitengua paja. Ukilitengua taratibu, bila kulipiga panga, kichwa cha mfupa hutoka cheupe, cha duara, kinateleza. Pale kwenye nyonga kilipokuwa kimekaa pana utando tu. Nikautoboa kwa ncha ya kisu, nikapitisha kijiti cha kiberiti, kikatokea upande wa pili. Nyonga ya kuku ina tundu, na dinosaria walio wengi wanajulikana kwa tundu hilo. Nyonga ya mjusi ni kikombe kilichozibwa, na miguu yake imetanuka kando kama ya mtu anayepiga pushapu. Kuku na dinosaria miguu huwakaa chini ya mwili, wima, kama nguzo za ukumbi.

Basi mimi nasema neno "mjusi" tuliache. Najua kosa si letu. Mwingereza Richard Owen ndiye aliyelitunga jina dinosaria mwaka 1842, akachukua Kigiriki cha kutisha na Kigiriki cha mjusi akaviunga. Cha ajabu, yeye mwenyewe alikwisha kuona kwamba miguu ya wanyama hao ilisimama wima. Sisi tukatafsiri jina, mnyama hatukumtazama. Wenzetu wa Tanzania nao hadi leo wanasema "mjusi wa Tendaguru".

Huyo wa Tendaguru, mkoani Lindi, kitaalamu ni Giraffatitan, yaani twiga jitu. Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913, na mifupa yake imesimamishwa Berlin, kimo zaidi ya mita 13. Lakini mikono iliyochimba ilikuwa ya huku kwetu. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Kitabu cha mtoto hakimtaji, na hilo limeniudhi kuliko hata huo mjusi. Pingili za shingo ya Giraffatitan zilikuwa na mashimo ya hewa ndani, mtindo uleule wa ndege. Shingo ndefu namna ile ingekuwa na mifupa iliyojaa ndani, angeiinuaje?

Twiga nao sisi Malindi tuna kisa nao. Mwaka 1415 wajumbe kutoka hapa walimpeleka twiga kwa mfalme wa China, na kule wakamwona ni qilin, mnyama wa hadithi zao. Walikuwa na jina tayari, wakamvika mgeni.

Wataalamu nao hawakusalimika. Ukipasua kidari cha kuku utakuta mfupa mwembamba wa panda, kama panda ya manati. Mwaka 1926 Mdenmaki Gerhard Heilmann aliona dinosaria wanafanana mno na ndege, ila akakataa kwamba ndege walitokana nao, kwa sababu aliamini dinosaria hawakuwa na mfupa huo. Kumbe ulikuwepo! Dinosaria Oviraptor aliyeelezwa mwaka 1924 alikuwa nao kifuani, waliomchunguza wakaudhani mfupa mwingine. Baadaye ikaonekana hata Tyrannosaurus alikuwa na panda yake. Kisha mwaka 1996 akatangazwa dinosaria Sinosauropteryx wa China, mwenye manyoya mepesi mwilini, na ubishi mwingi kama ndege walitokana na dinosaria ukaisha.

Na msiniambie Kiswahili hakina pa kuingilia humu. Yupo Asilisaurus kongwe wa kusini mwa Tanzania, aliyepewa jina mwaka 2010, jamaa wa karibu sana wa dinosaria. Yupo Shingopana, dinosaria wa Tanzania vilevile. Yupo Mnyamawamtuka moyowamkia wa mwaka 2019, na jina hilo halihitaji kamusi: Mtuka ni mto, na pingili moja ya mkia wake ina umbo la moyo. Wageni wameazima maneno yetu wakayatumia kwa uangalifu kuliko sisi wenyewe.

Mtoto alisikiliza yote hayo huku akichezea kile kijiti. Mwishowe akauliza kama mjusi kafiri basi si jamaa ya kuku hata kidogo. Nikamwambia ni jamaa, ila wa mbali. Mamba wa Mto Sabaki ndiye aliye karibu zaidi na kuku.

Mamangu, aliyekuwa akikuna nazi muda wote bila kusema neno, akainua kichwa. "Hilo la mamba msilitaje mezani."