Kikosi cha Stars: waliokulia nje waitwe au tubaki na wa ligi yetu?

Kila Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania, ikitaja kikosi cha mashindano makubwa ugomvi ni ule ule. Huyu wa Uingereza nani anamjua, kwa nini fulani anayetufungia mabao kila wikiendi kaachwa, na upande wa pili wanakujibu ligi yenyewe inabebwa na wageni sasa unataka aitwe nani. Mimi naona pande zote mbili zina hoja, tatizo wote wanaanza kulaumu kabla ya kuangalia uwanjani kimetokea nini.

Chukua Afcon (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya Morocco, ile ya Desemba 2025 mpaka Januari 2026. Hatua nzima ya makundi Stars tulipata mabao matatu tu. La kwanza tulipofungwa na Nigeria 2-1, mfungaji Charles M'Mombwa, jamaa aliyekulia Australia. La pili penalti ya Simon Msuva na Uganda ikaisha 1-1, na Msuva ni mtoto wa hapa hapa, katoka Yanga akaenda kutafuta maisha Morocco, Difaâ El Jadida kisha Wydad, mpaka Iraq huko. La tatu Feisal Salum wa Azam, Fei Toto, anayekipiga ligi ya nyumbani, akasawazisha na Tunisia 1-1. Pointi mbili, tukapenya kama washindi wa tatu bora, 16 bora kwa mara ya kwanza toka tuanze kushiriki mwaka 1980. Kwa hiyo anayetaka kumaliza ubishi kwa kuhesabu mabao hatoki, kila kundi la wachezaji limefunga moja. Na hapo nimetaja makundi matatu makusudi, maana ubishi wetu huwa unayaona mawili tu, hilo la akina Msuva narudi kwake baadaye.

Wanaotetea wa ndani hoja yao kubwa ni CHAN, mashindano ya Afrika ya wanaocheza ligi za nchi zao tu, na ni hoja nzito. Agosti 2025 tukiwa wenyeji pamoja na Kenya na Uganda, Stars ya wachezaji wa ligi ya ndani tupu iliongoza kundi, ikampiga Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0, Madagascar 2-1, sare na Afrika ya Kati, ikatolewa robo fainali na Morocco 1-0. Madagascar tuliyemfunga ndiye aliyefika fainali. Wale vijana walikuwa wanajuana, wamekaa kambini, beki anajua winga wake anakimbilia wapi bila kuangalia. Sasa linganisha na Afcon, FIFA ilisogeza tarehe ya klabu kuachia wachezaji mpaka 15 Desemba, sisi mechi ya kwanza na Nigeria tarehe 23. Wiki moja na siku, na hapo hapo kocha mwenyewe Miguel Gamondi kakabidhiwa timu Novemba. Mtu wa nje anayekuja na hali hiyo utampa kombinesheni saa ngapi?

Ila CHAN inadanganya kidogo, tukubali. Morocco ilitutoa 1-0 kwenye CHAN na ikatutoa 1-0 kwenye Afcon, matokeo yanafanana kwenye karatasi lakini mara ya pili aliyetufunga ni Brahim Díaz wa Real Madrid. Ukimkaba mtu wa namna hiyo dakika 90 unahitaji beki aliyezoea spidi hiyo kila wiki, na ligi yetu pamoja na kukua kote huku bado haimpi beki mechi za hivyo kila wiki, labda Simba na Yanga wakiwa kimataifa.

Halafu kuna hili la wageni kwenye ligi. Klabu inaruhusiwa kusajili wageni 12, na timu kubwa zinawaweka pale panapouma, golini, beki wa kati, straika. Msimu wa 2024/25 Yanga golini Djigui Diarra wa Mali, Simba golini Moussa Camara wa Guinea. Makipa wazawa wa hizo timu wanakaa benchi mwaka mzima, alafu siku ya kikosi tunataka wawe wa kimataifa. Silaumu klabu, zinatafuta makombe na hao wageni ndio waliopandisha ubora wa ligi, lakini ukisema "chagueni wa ligi yetu" uniambie na namba ipi. Kiungo? Sawa, wapo mpaka wanabanana. Namba tisa, yaani straika? Hapo ndio shida ilipo.

Wanaotetea wa nje nao mfano wao ni huo huo wa Morocco. Kombe la Dunia 2022 kikosi cha watu 26, 14 wamezaliwa nje ya Morocco, wakafika nusu fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Basi watu wanaishia hapo. Hawasemi kwamba kwenye kikosi hicho hicho En-Nesyri, Ounahi na Aguerd wametoka Akademi ya Mohammed VI iliyofunguliwa 2009, na wala hawasemi kwamba Morocco wamebeba CHAN tatu, 2018, 2020 na hii iliyofanyika kwetu. Wenzetu wanavuna mashamba yote mawili. Sisi tunataka kuvuna la Ulaya kwa sababu la nyumbani tumechoka kulilima, na hiyo haitafika mbali.

Kuna wanaosema wa nje hawana uchungu na jezi. Hii hoja siipendi kabisa. Uganda alitusawazishia kupitia Uche Ikpeazu, mzaliwa wa London, sikuona anacheza kwa uvivu. Uchungu haupimwi kwa lafudhi ya Kiswahili. Tena wa nje ana faida moja ambayo watu hawaisemi, hana Usimba wala Uyanga. Hapa kwetu kikosi kinasomwa kwa kuhesabu Simba wangapi Yanga wangapi, kocha akimwacha mmoja anaambiwa katumwa. Emmanuel Amunike, kocha wa Stars 2018, aliwaondoa wachezaji kadhaa wa Simba kwa kuchelewa kuripoti kambini, suala la nidhamu tu, likageuka vita ya klabu. Haji Mnoga aliyezaliwa Portsmouth akipangwa au akikalishwa benchi hakuna tawi litakaloandamana.

Vikwazo vya kisheria navyo vipo. FIFA toka 2020 imelegeza, aliyecheza mechi zisizozidi tatu za timu ya wakubwa, ziwe rasmi au za kirafiki, kabla ya kufikisha miaka 21 anaweza kuhama nchi baada ya miaka mitatu, ili mradi hakucheza fainali za Kombe la Dunia wala za bara. Lakini lazima awe na uraia, na sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hadhi maalumu ya diaspora ni kitu kingine, sio uraia. Kwa kijana anayecheza Ulaya hilo sio jambo dogo, pasipoti ndio ajira yake. Na wale wageni watatu wa klabu ya Singida Black Stars waliopewa uraia Januari 2025 wasichanganywe humu, mtu asiye na damu wala kuzaliwa hapa FIFA inataka awe ameishi nchini miaka mitano.

Mimi nikipima yote naangukia hapa: wa nje waitwe, ila waitwe mapema na kwa namba inayokosekana. M'Mombwa hakuokotwa siku ya kutaja kikosi cha Morocco, Novemba 2023 alishatufungia bao la ushindi dhidi ya Niger kwenye kufuzu Kombe la Dunia, ikapita miaka miwili ndio akaja kumfunga Nigeria. Anayeitwa wiki mbili kabla ya mashindano kwa sababu tu yupo Ulaya, hata kama ni daraja la tano huko, huyo anamzibia mtu nafasi.

Na sasa lile kundi la katikati, waliolelewa hapa wakatoka. Samatta kaondoka mapema kwenda TP Mazembe, akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, kisha Genk ya Ubelgiji na Aston Villa ya Uingereza. Msuva kafunga Afcon zote tatu tulizocheza karibuni, 2019 kwa Kenya, 2023 kwa Zambia, 2025 kwa Uganda, hakuna Mtanzania mwingine mwenye hiyo. Novatus Miroshi katoka Azam, Kelvin John kapita Genk. Hawa ndio uti wa mgongo wa Stars na hakuna anayewabishia, ila ili upatikane mwingine lazima klabu zetu zikubali kumwachia kijana wa miaka 19 ofa ikija, badala ya kumfungia mkataba mrefu akaishia benchi nyuma ya mgeni. Afcon ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda, Samatta atakuwa na 34, Msuva 33, na namba tisa ya kuwarithi mpaka sasa siioni, si Dar wala London.