Kumkabidhi Simu Hakutamtuliza

Kuna ushauri unaotolewa sana hapa Kigoma, kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji, na unaniudhi kila ninapousikia: "Mwanangu, mumeo akikutuhumu mpe simu aangalie, roho yake itulie." Mashangazi wanautoa kwa nia njema kabisa, na umewatesa wanawake wengi. Wanaume pia wamo. Wapo wanaopekuliwa mifuko kila jioni.

Tuhuma yenye tukio ijibu. Umeonekana mahali fulani, siku fulani, na mtu fulani: mwenzako ana haki ya maelezo. Ninayoisemea ni ile isiyo na tukio, yenye hasira tu. Mara nyingi huyo anakubambikia kilichomo moyoni mwake. Yeye ndiye anayetamani nje, au ameshatoka, na kwa kuwa hathubutu kujitazama, anakiona kwako. (Siyo kila mara, nakubali. Aliyewahi kusalitiwa ana hofu yenye chanzo kingine.) Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, aliandika mwaka 1922 kwamba upo wivu unaotokana na usaliti wa mwenye wivu mwenyewe, au na tamaa ya kusaliti aliyoifukia. Mengi ya Freud yanabishiwa, lakini mwaka 1997 mwanasaikolojia Leonard Newman na wenzake walifanya majaribio yanayoonyesha njia mojawapo inayolifikisha jambo hapo: mtu akijilazimisha kutofikiria sifa mbaya anayoiogopa kwake, sifa hiyo hubaki karibu akilini, na anakuwa mwepesi wa kuiona kwa wengine. Kwa hiyo anayekubambikia hadanganyi. Anaiona kweli.

Sasa angalia simu inafanya kazi gani. Tuseme mumeo ni mvuvi wa dagaa, yuko nyumbani kipindi cha mbalamwezi, ambapo dagaa hawavuliwi. Anapitia meseji zako zote, hakuna kitu, anatulia mpaka jioni. Kesho yake anasema umezifuta. Ukimwonyesha namba zote zilizopigwa, tuhuma inahamia kwa muuza mawese. Ukiacha kununua mawese pale, inahamia kwa dereva wa boda. Ushahidi unaueleza mwenendo wako, wakati hofu inahusu mwenendo wake, na havikutani. Tena kila unapokabidhi simu unazidi kukubali kwamba una kesi. Mwisho huendi msibani, huendi kwenye kikoba, na bado unatuhumiwa.

Dalili kubwa ndiyo hiyo: ikikanushwa inahama. Nyingine ni wakati ilipoanza. Angalia kama kwake kulibadilika kitu siku hizo, safari mpya, fedha zisizoeleweka, simu inayolala kifudifudi.

Kabla ya lolote, jichunguze peke yako kama kuna chembe ya ukweli. Ikiwepo, iseme. Isipokuwepo, subiri saa ambayo hajanywa, hana njaa, na watoto hawapo, kisha muulize swali moja: "Baba Asha, umeona nini, na lini?" Jibu mara moja, kwa ufupi, kisha useme: "Nimekujibu, leo sirudii. Ila naona kuna jambo linakusumbua. Ukitaka kulisema, nitakusikiliza." Halafu nyamaza kweli. Usilete Msahafu wala Biblia kuapia, usiite shahidi. Wengi huharibu hapa: wanasema hawatarudia, halafu saa mbili usiku wanaanza upya kujieleza, na mwenzao anajifunza kwamba akiendelea kubana, atapata.

Kosa jingine ni kumrudishia: "Mzinzi ni wewe!" Hata kama ni kweli, usiseme hivyo. Aibu aliyokuwa anaikimbia inamvamia kwa ghafla, naye ataitupa kwako kwa nguvu zaidi. Na ukishajua jambo hili, usiligeuze rungu la kumpigia kila anayekulalamikia. Mwanachama anayeuliza mweka hazina wa kikoba kwa nini daftari na sanduku vinapishana shilingi 40,000 hambambikii mtu. Anataka hesabu.

Kama anakupiga au anatishia kukupiga, hayo maswali na majibu yaache. Nenda dawati la jinsia na watoto polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii, na usimuage unakokwenda.

Kwa asiyetumia mabavu, ukishika msimamo huo kwa wiki kadhaa, tuhuma zinaweza kwanza kupamba moto kabla ya kupungua, kwa sababu kilichokuwa kinazilisha kimekatwa. Kama siku moja ataanza kufunguka, labda usiku taa zimezimwa, akasema kuna mtu huko mwaloni, samaki wanakoshushwa, amekuwa akimfikiria, usimwambie "nilijua tu." Muulize lilianza lini na anataka kufanya nini, msikilize mpaka mwisho, na uamuzi wako uuweke mpaka asubuhi.